Nimenunua vitabu tisa vya kufuma, na mtoto bado hana sweta

Shikamoo mama,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 49, mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Najua safu hii huletewa mambo mazito ya ndoa na mirathi, ndiyo maana barua hii nimeianza mara nne na kuifuta kwa aibu. Jambo langu ni vitabu vya kufuma. Lakini limenikaa moyoni, hata nikiwa zamu ya usiku nalifikiria, kwa hiyo naomba unisikilize.

Nilijifunza kufuma nikiwa msichana, shule ya bweni ya masista. Jumamosi mchana tulikaa barazani, kila mmoja na sindano yake ile yenye ndoano, na sista mmoja mzee akipita nyuma yetu. Akikuona umekaza uzi anakugusa bega tu, hasemi kitu, nawe unalegeza. Nilifuma vitambaa vya makochi ya mama yangu, vitambaa vya meza, hata kofia za watoto. Nilipoolewa na kuanza kazi nikaacha. Ikapita miaka zaidi ya ishirini.

Mwaka juzi kifungua mimba wangu alipokwenda chuo, nyumba ikapoa, nikasema nirudie kazi yangu ya mikono. Nina mpwa anayeishi Marekani. Nikamtumia hela, akaja na kitabu alipokuja likizo: kikubwa, karatasi za kung'aa, kimeandikwa kwamba ni cha wanaoanza. Nikachagua sweta ya mtoto mchanga, nikafuata mstari kwa mstari, kamusi pembeni. Kuna neno "single" lilinitatiza kwa sababu sista hakutufundisha mshono wa jina hilo. Nikakisia. Sweta ikatoka fupi, ngumu kama mkeka, na shingo haikupita kichwani kwa mtoto wa jirani niliyemjaribishia. Nikajaribu kitambaa cha meza cha duara kutoka kitabu hicho hicho. Nacho kikajikunja ukingo mzima kikawa kama marinda ya gauni la kipaimara. Ukikipiga pasi kinalala, ukigeuka kimeinuka.

Nikasema kitabu ndicho kibaya. Nikanunua kingine Dar es Salaam kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza barabarani, nikafika nyumbani nikakuta kurasa za michoro zimechanwa. Kingine kinataja nyuzi ambazo sijaziona katika duka lolote hapa. Kingine niliagiza mtandaoni, jalada lina tembo aliyefumwa, mzuri ajabu. Ndani maelezo yanafika masikioni yanakatika, yanaanza tena miguuni, na ukiitazama picha kwa makini uzi unaingia sikioni hautokei popote. Hivyo hivyo hadi vikafika tisa. Juzi nilipiga hesabu: kama shilingi 290,000 kwa miaka miwili, nyuzi sijahesabu.

Mume wangu si mtu wa kugomba. Vitabu nilikuwa naviweka chini ya kitanda, upande wangu. Siku moja anatafuta kandambili akavivuta vyote, akavipanga juu ya kitanda, akaniuliza kwa upole, "Mama, ukishavisoma vyote hivi utafuma lini?" Bora angegomba.

Cha tisa ndicho kilichonifanya niandike. Mwenzetu wa kikoba ametengeneza kitabu cha kufuma cha kusoma kwenye simu, anakiuza 15,000. Sote tulinunua ili kumuunga mkono. Nimeijaribu kofia iliyomo. Mzunguko wa nne anasema uwe na mishono 36, lakini ukifuata maelezo yake mwenyewe unapata 24. Na picha mbili nina hakika ni za kitabu changu kile cha Marekani. Sasa amenifuata, kwa kuwa kikobani nafahamika kwa kufuma, niandike maneno ya kukisifu kwenye grupu letu la WhatsApp kabla hajaanza kukiuza nje. Analea watoto wanne peke yake. Nikikisifu nitakuwa nimedanganya. Nikisema kweli nitakuwa nimemharibia. Nikinyamaza ataelewa.

Na mimi mwenyewe nimechoka. Niendelee kutafuta kitabu kitakachonifaa, au nikubali kwamba mikono imesahau na kichwa kimekuwa kizito? Mdogo wangu amejifungua mwezi uliopita. Nilimwahidi sweta.

Mama wa Uzi, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu.

Aibu iweke kando. Umeandika kuhusu fedha, kuhusu mumeo, kuhusu mwenzako wa kikoba, na yote nitayafikia. Lakini mimi nimekwama kwenye ile sweta ngumu kama mkeka, nimeisoma aya hiyo mara tatu, na naomba nianzie hapo. Unaniambia kwamba huenda kichwa kimekuwa kizito. Nina mashaka makubwa na maneno hayo.

Nami nilifundishwa kufuma na watu waliotumia majina ya Kiingereza cha Uingereza. Wamarekani wanatumia maneno yale yale kwa mishono mingine, na hapo wafumaji wengi sana wameanguka. Chukua mshono mfupi, ule wa kuingiza sindano, kuvuta uzi, kisha kupitisha mara moja. Mwingereza anauita "double". Mmarekani anauita "single". Sasa chukua mshono mrefu, ule unaoanza kwa kuzungushia uzi kwenye sindano kabla ya kuiingiza. Huo ndio Mmarekani anauita "double", na Mwingereza anauita "treble". Kila jina limesogea hatua moja. Katika vitabu vya Uingereza vya siku hizi kwa kawaida hukuti mshono unaoitwa "single", na sista wako hakukufundisha neno hilo. Kwangu hiyo ni dalili kubwa kwamba majina uliyokua nayo ni ya Kiingereza cha Uingereza.

Basi tazama yaliyotokea. Kitabu cha Marekani kimesema "double", kikimaanisha mshono mrefu. Mkono wako, kwa utii kabisa, ukafuma ule ambao sista aliuita "double", yaani mfupi. Mstari baada ya mstari sweta ikapungua kimo na kitambaa kikashikana kikawa kigumu. Ndiyo mkeka wako huo.

Kitambaa cha meza nacho kinasema jambo lile lile kwa upande wa pili. Duara la mishono mifupi likitakiwa kulala, kwa kawaida huanza na mishono 6 na kila mzunguko huongezwa 6. Duara la mishono mirefu huanza na 12 na huongezwa 12, kwa sababu mshono mrefu unapanua duara haraka, ukingo unahitaji nafasi. Ukichukua hesabu ya 12 ukaifuma kwa mshono mfupi, ukingo unajaa kuliko katikati, hauna pa kwenda, unainuka marinda. Pasi haitakusaidia. Mtu aliyesahau kufuma hapati marinda yaliyolingana ukingo mzima kama unavyoyaeleza. Hayo hufumwa na mkono uliofuata maelezo sawasawa, ila maelezo yamesomwa kwa majina ya nchi nyingine.

Sijakiona kitabu chako, kwa hiyo usiniamini kwa maneno matupu. Kitoe chini ya kitanda. Tafuta herufi "sc", ufupisho wa "single crochet", popote kwenye maelezo. Ukizikuta, hicho karibu hakika kinatumia majina ya Marekani. Kisha kihesabu kile kitambaa kutoka katikati: kama mzunguko wa kwanza una mishono 12, wa pili 24, wa tatu 36, basi tumelipata jibu.

Kuna na sindano. Vitabu vya Marekani huzitaja kwa herufi, na herufi ikisogea mbele sindano inanenepa: G ni kama milimita 4, H ni 5. Vitabu vya zamani vya Uingereza vilitumia namba zinazokwenda kinyume, namba 8 ni milimita 4 lakini namba 14 ni milimita 2 tu. Na sindano nyingi za sokoni kwetu hazina alama yoyote. Mwombe fundi seremala atoboe kipande cha ubao matundu ya milimita 2, 3, 4 na 5 kwa keekee zake, zimeandikwa vipimo. Tundu ambalo shina la sindano linapita bila kulegea ndilo kipimo chake. Ubao huo utakaa kwenye kikapu chako miaka yote.

Na kabla ya sweta, fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 uhesabu mishono. Najua kinachosha, wengi tunakiruka. Lakini kitabu kikitaka mishono 20 katika sentimita 10, nawe mkono wako unaokaza unatoa 25, ile mishono 100 iliyokusudiwa kuzunguka kifua cha mtoto kwa sentimita 50 itakupa 40. Mtoto hapiti hapo. Uliniambia sista alikuwa anakugusa bega ukikaza uzi. Kipande hicho kidogo kitafanya kazi ya mkono wake. Na kile kitabu kinachotaja nyuzi usizoziona dukani huenda nacho kikafufukia hapo, kwa maana ukishajua uzi wako unatoa mishono mingapi katika sentimita 10, unaweza kutafuta uzi wa hapa wa unene unaokaribiana.

Simaanishi vitabu vyako vyote vina haki. Kile cha tembo kinanitia shaka kubwa. Siku hizi kuna vitabu vinavyotungwa na programu za kompyuta, maneno na picha pamoja, vinawekwa mtandaoni kuuzwa bila mtu yeyote kukaa na sindano akafuma kilichoandikwa. Uzi unaoingia sikioni na hautokei, maelezo yanayokatika na kuanzia pengine, ni alama za vitabu vya aina hiyo. Siwezi kuapa kwamba chako ni kimojawapo. Ila siku nyingine kabla ya kulipa omba kuonyeshwa ukurasa wa ndani: je, kila mstari unaishia na idadi ya mishono? Kipimo cha sentimita 10 kimetajwa? Mwandishi ni mtu ambaye kazi zake nyingine unaweza kuziona? Kuna michoro ya alama? Michoro hiyo naipenda kuliko maneno, kwa sababu nukta, msalaba na herufi T yenye mkato havina Uingereza wala Marekani.

Sasa nikuulize jambo, na ulipokee kama linavyotoka kwa mtu anayekupenda. Umenihesabia vitabu tisa, lakini kazi ulizoniambia umezifuma kutoka humo ni tatu: sweta, kitambaa, kofia. Kitabu cha pili ulikinunua lini? Baada ya kujaribu sweta tena, au jioni ile ile ya kukata tamaa? Nauliza kwa sababu nimewahi kuona, kwa watu wengi na kwangu pia, kwamba kitabu kipya hutupa kitu ambacho siku zetu hazina. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hana saa mbili za kukaa na uzi. Kitabu akiwa nacho anahisi saa hizo zimehifadhiwa mahali, zipo, zitakuja. Kama ni hivyo, cha kumi nacho kitakupa wiki moja ya furaha kisha kitaungana na wenzake chini ya kitanda. Kama si hivyo, nisamehe, nimekisia kama ulivyokisia wewe kwenye "single".

Na kuna lile baraza la masista. Ulipoandika sehemu hiyo barua yako ilibadilika sauti. Hukunieleza kitabu hata kimoja mlichotumia, ulinieleza mlivyokaa. Inawezekana unatafuta watu wa kukaa nao, na kitabu hakiwezi kuwa mtu aliye nyuma yako. Unaweza kutafuta mwenye mkono mzuri hapo Morogoro, ukamlipa kwa mwezi mmoja. Hilo lina ubaya wake: zamu zako hazitabiriki, na mwalimu atakufundisha anavyojua yeye, pengine vitambaa vya makochi tu wakati wewe unataka sweta. Unaweza kuwaita wenzako wawili watatu nyumbani kwako Jumamosi. Nalo lina hatari, maana mkiwa wanakikoba mtaishia kuzungumza madeni, na sindano zitalala. Unaweza pia kubaki na kitabu kimoja tu, hicho cha Marekani ulichokishuku bure, ukaandika kwa penseli pembeni ya kila jina la mshono lile jina la sista. Hii ni rahisi kuliko zote, lakini haitakuondolea upweke kama upweke ndio unaokusumbua.

Kuhusu mumeo, umesema aliuliza kwa upole, nawe ukaisikia kama fimbo. Mimi nimelisoma swali lake na sijaona fimbo ndani yake. Mtu aliyevipanga vitabu vyako juu ya kitanda badala ya kuvisukuma tena chini huenda alitaka kujibiwa. Unaweza kumwambia kiasi ulichotumia. Akikasirika, atakuwa amekasirika kwa hesabu ya kweli. Au unaweza kuacha hesabu kwanza, ukamwomba akuwekee Jumamosi moja mchana bila mgeni wala jikoni. Wewe ndiye unayejua nyumbani kwako lipi linaanza. Kwa yale niliyoona katika ndoa za watu, vitabu vilivyofichwa huanza kuonekana vingi kuliko vilivyo.

Nije kwa mwenzako wa kikoba, ambako najua ndiko usingizi unakoishia.

Ile kofia yake. Mishono mifupi inayoanza na 6 inafika 24 kwenye mzunguko wa nne, sawasawa na ulivyohesabu. Lakini 36 nayo ni namba ninayoifahamu: ni hesabu ya mzunguko wa tatu kwa mishono mirefu. Sidhani kwamba aliibuni tu. Nahisi ameunganisha maelezo ya vitabu viwili vinavyotumia majina tofauti, bila kujua, na ameangukia shimo lile lile ulilodumbukia wewe na sweta yako. Kama ni hivyo, unaweza kumwendea ukiwa na kosa lako mkononi pamoja na lake. Kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "umekosea" na kumwonyesha sweta yako ngumu ukamwambia "tazama mimi yaliyonipata".

Picha ni jambo lingine, na hapo nakuomba umfikirie yeye kuliko grupu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuchukua picha ya mtu bila ruhusa ukaiuza kunaweza kukuletea madai. Wakati kitabu kiko ndani ya kikoba, shida hiyo imelala. Akianza kukiuza nje, inaweza kuamka, na mwenye watoto wanne hana fedha ya kupoteza kwa kesi. Kinyume chake, simu yake ina kamera. Kofia akiifuma mwenyewe na kuipiga picha dirishani asubuhi, anakuwa na picha isiyodaiwa na mtu.

Umenipa njia tatu, zote chungu: kusifu, kusema kweli, kunyamaza. Naona nyingine katikati, ingawa hazina uhakika. Unaweza kumwomba akupe wiki tatu ufume kila kitu kilichomo kabla ya kuandika neno. Waandishi makini wa vitabu hivi huwapa wafumaji wengine kazi zao wazijaribu kabla ya kuchapisha, na hata baada ya hapo mashirika makubwa ya uchapishaji hutoa masahihisho. Kumwambia hivyo hakumpunguzii heshima, kunamweka kwenye kundi la waandishi wengine. Anaweza kukubali. Anaweza pia kuona unamchelewesha, au kuwaambia wengine una wivu, na maneno hayo yakaingia kikobani kabla yako. Unaweza kusifu kile tu unachoweza kukisifu kwa dhamiri safi, kama kipo, na kumpa mengine faraghani. Hatari yake ni kwamba wanaosoma grupu watasikia sifa tu, na atakayeharibu uzi wake atakukumbuka wewe. Unaweza kukataa kuandika na kumweleza sababu uso kwa uso. Na waliokwisha kulipa 15,000 wana haki ya kutumiwa toleo lililosahihishwa. Hilo naliona zito, na ningefurahi kama wazo hilo litatoka kinywani mwake mwenyewe.

Lipi utachagua, siwezi kukuamulia. Mimi simjui huyo mama, sijui jinsi anavyopokea neno, na wewe umekaa naye kwenye mzunguko wa fedha miezi mingi. Ila jiulize unaogopa kipi zaidi, akasirike sasa au aje agundue baadaye kwamba uliona ukanyamaza. Jibu lako kwa swali hilo sitashangaa likikupa na siku ya kwenda kwake.

Ile sweta usiifumue bado, utaihitaji ukienda kumwona. Na mtoto wa mdogo wako ana mwezi mmoja sasa. Ukianza leo kwa saa zako za muuguzi, usifume ya mchanga, fuma ya miezi sita. Nitumie idadi ya mishono utakayopata katika sentimita 10 na unene wa sindano yako baada ya kupita kwenye ubao wa seremala, nikusaidie kupiga hesabu ya kifua.